Blanketi Nililolitupa Mbele ya Wakwe

Kiminini,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Mama Hillary,
Bungoma.

Dada yangu Agneta,

Nakusalimia kwa jina la Bwana wetu, wewe na mzee wako Khaemba, na Hillary, na watoto wote wa boma lenu, hata wale ambao sijawahi kuwatia machoni. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu zako, na kwamba ule mguu uliokuwa ukikusumbua siku mlipokuja kwetu umepoa. Sisi huku tuko. Mvua haijatunyima, mahindi yametoa nywele, na yule ng'ombe wangu mweusi uliyemsifu amezaa ndama jike. Kuhusu afya yangu mimi, hiyo ndiyo imenifanya nishike kalamu, kwa hivyo nakuomba usome pole pole mpaka mwisho, hata kama kuna mahali utataka kuikunja barua uiweke chini.

Najua utashangaa kuona mtu bado anaandika barua siku hizi. Nilikupigia simu, hukushika, na sikulaumu. Hata ungeshika, sijui ningesema nini na watu wa nyumbani wakiingia na kutoka. Kuna mambo ambayo mdomo wangu unayakataa lakini mkono unayakubali. Shuleni nilifika darasa la nane tu, lakini mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akizungusha daftari langu darasani ili wengine waone hati ya mtu aliyelelewa vizuri. Kiswahili chenyewe ni hiki chetu cha Kitale, si cha vitabuni. Lugha yangu huijui na yako siijui, basi hiki kitatutosha.

Jumatano iliyopita Mzee Nehemiah, msemaji wenu, alikuja hapa. Alikataa kiti, akakataa chai, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Alisema familia ya Khaemba haina maneno mengi. Kama hatuwataki, tuseme wazi. Mwezi huu ukiisha bila sisi kusema, mtajua tumekataa, na Hillary ataambiwa atazame kwingine. Akatukumbusha kwamba mliondoka kwetu na njaa, kwamba blanketi mlilonifunika nililitupa chini mbele ya wazee, na kwamba watu wenu walinisikia kwa masikio yao nikisema lile si blanketi la kumfunika mama wa msomi.

Ni kweli, Mama Hillary. Nililitupa, na maneno hayo niliyasema. Sikani hata moja. Lakini sababu mnayoifikiria ninyi siyo, na ile yenyewe hakuna mtu nilikuwa nimeiambia, hata mzee wangu Wahome, hata Ciru ambaye ndiye anaumia. Tangu siku ile msichana wangu alikuwa haongei na mimi. Simu nilimpigia hakushika, kama wewe. Na Hillary nasikia anaenda kufundisha akiwa kama mtu ametoka matangani.

Wacha niseme kidogo juu ya Ciru, maana wewe unanijua, siwezi kufika ukurasa wa pili bila kumtaja. Ciru ndiye wa kwanza upande huu wetu wote wa barabara kuvaa joho la chuo kikuu. Ile picha kubwa ukutani uliiona, yenye fremu ya dhahabu. Mgeni akija hapa lazima apite mbele yake kabla hajaonyeshwa kiti, mimi mwenyewe ndiye nilipanga viti hivyo. Siku alipoajiriwa kuwa afisa wa kilimo huko kwenu Bungoma, nilizunguka soko lote la Kiminini nikitafuta chumvi, na chumvi nyumbani nilikuwa nayo. Nilitaka tu kuulizwa habari za watoto. Naambiwa wakulima wenu wanamwita daktari wa mahindi, na mimi nasema hawajakosea.

Aliponiambia amepata mwalimu anayeitwa Hillary, kijana mpole anayeosha vyombo bila kuambiwa, nilifurahi, lakini furaha yangu niliificha. Nilinung'unika kidogo kwamba nilitarajia kijana wa kwetu. Tena nikatania mbele ya watu, ati Wabukusu wa Bungoma wakija na mapenzi yao ya kuku hatutabaki na jogoo wa kutuamsha. Watu walicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Ciru hakucheka. Naomba uyaweke maneno hayo pembeni kwanza, lakini usiyasahau, maana ndiyo yaliyofanya kila mtu aamini mabaya juu yangu baadaye.

Sasa nikuambie ya afya. Yalianza mwaka jana wakati wa kuvuna. Nilikuwa nimesimama karibu na mashine ya kupukuchua mahindi, nimeshika mdomo wa gunia, mara nikasikia joto linaanza hapa kifuani. Halikuwa joto la jua. Lilipanda shingoni, likafika usoni na kwa masikio, kama mtu amefunua sufuria ya githeri na mimi ndiye niliye ndani. Moyo ukaanza kukimbia. Jasho likanitoka mpaka gauni likashika mgongo. Kisha likapita, nikabaki nikitetemeka kwa baridi na wafanyakazi wananiangalia. Nikasema ni malaria. Nikanunua dawa pale kwenye duka la dawa stejini, nikameza zote, na joto likarudi kana kwamba hizo dawa nilimpa mtu mwingine.

Likaanza kunifuata. Kanisani mimi huimba sauti ya pili, safu ya mbele, na hakuna anayenishinda, hilo hata mchungaji anajua. Jumapili moja lilinishika katikati ya wimbo nikaketi chini watu wakiwa wamesimama. Akina mama wakanizunguka kuniombea, wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, na kila mkono ulikuwa kama pasi. Nilisema amina mapema ili wanitoe mikono. Dada yangu Bilha, yule anayeuza vitunguu sokoni kwenu, aliniambia labda kuna mtu ananionea wivu kwa sababu ya kumsifu Ciru sana. Nikapunguza kumsifu kwa wiki nzima, na joto halikupungua.

Siku zangu za mwezi nazo zikaanza kucheza. Mwezi huu hakuna, na ujao hakuna, halafu zinakuja kwa fujo mpaka naogopa kutoka nyumbani. Nikafikiri nina mimba. Cheka tu, Mama Hillary, nakuruhusu. Nakaribia hamsini, na nilijiona nimeketi kwenye harusi ya binti yangu na tumbo kama pipa. Nilienda mpaka Kitale kununua kile kipimo kwenye duka ambalo hawanijui. Hakikuonyesha mimba. Hapo ndipo niliogopa kweli, kwa sababu mama yetu alikufa kwa ugonjwa wa kizazi, na nilikumbuka kwamba naye kwake yalianza na damu isiyojua kalenda.

Nyumbani nikawa mtu mwingine. Nilisahau maziwa jikoni mpaka yakamwagika, halafu nikamgombeza Wahome kana kwamba ni yeye aliyeyaweka. Nilikuwa nikitafuta jina la mtu ninayemjua tangu utoto na silipati. Na kulala, wewe unajua baridi ya huku. Wahome hulala amejifunika mpaka masikioni, na mimi nilikuwa nafungua dirisha nikitafuta upepo, na shuka zimelowa kama nimetoka mtoni. Mwishowe nikachukua mto wangu nikahamia chumba cha kijana wetu Kabiru, ambaye yuko Eldoret akisoma. Wahome hakuniuliza. Yeye ni mtu wa kunyamaza. Alianza tu kulala na redio ikiongea, jambo ambalo hakuwa nalo zamani. Nikaacha ibaki hivyo.

Siku moja nilisema naenda kuulizia mbolea, nikaingia kliniki moja Kitale. Muuguzi alikuwa mama anayeitwa Jelimo, wa huko juu karibu na mlima. Alinipima malaria, sukari, presha, akaangalia tezi ya shingo, na kwa sababu ya mambo ya mama yetu nikachunguzwa mlango wa kizazi pia, na ile damu yenyewe wakaitafutia sababu. Niliambiwa nirudi kuchukua majibu. Muda wote wa kungoja niliishi kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. Majibu yalikuwa mazuri yote. Jelimo akanieleza kwamba mwili wangu unajitayarisha kufunga hedhi, na kabla haijafunga kabisa homoni za mwanamke hupanda na kushuka bila mpango, kama stima ya huku kwetu, taa ikiwaka na kuzimika. Kuna mahali kwenye ubongo panapochunga joto la mwili, na homoni zikiyumba hapo mahali panadanganyika, panadhani unaungua, panafungua mishipa na jasho ili upoe. Alisema si ugonjwa, ingawa inatesa, na inaweza kuchukua miaka. Dawa zipo ikizidi, lakini kwanza wanaangalia kama zinakufaa. Akaniambia nivae nguo nyepesi ninazoweza kuvua moja moja, nipunguze chai moto na pilipili, na niwaambie watu wa nyumbani ili wasije wakafikiri nimebadilika roho.

Hayo ya nguo na pilipili nilifanya. La kuwaambia watu ndilo nililoliacha pale pale kliniki.

Kwa nini, utaniuliza. Mama Hillary, wewe hujui soko letu. Kuna mama mmoja hapa alifika wakati huu kabla yangu, mashavu yakawa mekundu na jasho likimtoka akipima viazi. Tulimcheka. Tulisema, "Huyo siku hizi ni baba mwenzetu." Mimi ndiye niliyesema. Na mimi ndiye yule ambaye kila sherehe husimama na kuambia watu kwamba bado niko mbichi, kwamba nikitembea na Ciru watu huuliza kama ni dada yangu. Ningerudi soko hilo hilo na kusema nini? Na nilimwangalia Wahome, mwanamume mwenye shamba na nguvu zake, nikaogopa afikirie ameketi na mwanamke aliyeisha. Kwa hivyo nikanyamaza, nikasema wacha harusi ya Ciru ipite kwanza.

Ndipo mkaja.

Wewe ulikuwepo, lakini hukuona nilichokuwa nacho ndani. Bilha alinishoneshea suti ya kitenge yenye bitana, na kilemba kikubwa kilichokazwa kama kofia ya askofu. Jelimo alikuwa ameniambia nguo nyepesi, lakini mama wa msomi atakutana na wakwe amevaa nguo nyepesi aonekane hana? Nikavaa vyote. Chini ya hema palikuwa na joto. Chai ililetwa, na kukataa chai mbele ya wageni nilishindwa, nikanywa kikombe na kingine. Nilikuwa nakuangalia wewe na mzee wako mkiwa mmeketi kwa heshima zenu, na nilikuwa nimeanza kuwapenda. Ukweli ni huo. Nilikuwa najiambia kimoyomoyo, hawa ni watu.

Halafu ukafika wakati wa blanketi. Kwetu, mama aliyemlea msichana hufunikwa na watu wanaomchukua, ndiyo shukrani kwa mgongo uliombeba. Ninyi mliuliza mapema ili msikosee, na mkafanya vizuri kuliko watu wengi wa kwetu. Mlikuja mkiimba, wewe na wanawake wenzako wa boma, na lile blanketi zito lenye rangi ya udongo. Mkanizungushia mabegani. Ulilifunga mbele kwa mikono yako, ukanikumbatia, ukaniambia sikioni kwamba sasa baridi ya Kitale haitanipata tena.

Na wakati ule ule likaanza kifuani.

Nilijaribu kungoja lipite. Nilihesabu mashimo ya hema. Lakini blanketi lilikuwa limenifunga, watu wamenizunguka, nyimbo ziko masikioni, na nikaona giza linakuja kwa pembe za macho. Mikono yangu ikafanya kazi bila kuniuliza. Nikalivuta, nikalitupa, likaanguka mbele ya viatu vya Mzee Khaemba. Tena sikutosheka, nikang'oa kilemba kichwani, nikakimbia na nywele zangu wazi mbele ya Hillary na baba yake. Ciru amekuja kunieleza baadaye uzito wa jambo hilo kwenu, kwamba mama mkwe hasimami kichwa wazi mbele ya mume wa binti yake, kwamba ni kama kumvulia nguo. Sikujua, lakini hata ningejua, siku ile ningevua.

Mlivyoondoka mnajua wenyewe. Chakula kilibaki kwenye sufuria, mukimo na mbuzi na kuku. Tuliwaita majirani wachukue, na wao wakakataa, wakisema hicho sasa ni chakula cha kilio.

Nehemiah alipokuja na ujumbe wenu na kuondoka, Wahome aliketi akafikiria. Akasema tuwaambie nilikuwa na malaria kali iliyonipanda kichwani, na kwamba yale maneno yalikuwa ya homa. Malaria haina aibu, kila mtu huku amewahi kuugua. Yeye mwenyewe alikuwa anaamini hivyo, maana hakuna kingine alichoambiwa. Nikakubali haraka sana. Nikalala nikijua nimepona. Lakini jana Ciru alikuja.

Hakuja kuniona. Alikuja kuchukua nguo zake. Nilisimama mlangoni mwa chumba chake nikimweleza mpango wa malaria, kwamba kila kitu kitakuwa sawa, na yeye anakunja nguo bila kuniangalia. Akaniuliza tu kama nilipimwa hiyo malaria. Kabla sijajibu joto likanishika pale pale. Nikashika mlango. Akageuka, akaniona uso, akaona jasho likidondoka kidevuni, akaacha nguo akanishika mikono yote miwili mpaka lilipopita. Mtoto wangu si wa kudanganywa akiwa ameshaona. Akasema hiyo siyo malaria. Nikaketi kitandani kwake, nikamwambia yote, ya gunia na ya kanisa na ya Jelimo, na nikamwambia hata lile ambalo sasa nakuandikia wewe.

Ni hili, Mama Hillary. Blanketi nililitupa kwa sababu ya mwili, na hapo sina hatia. Lakini maneno sikuyasema kwa sababu ya mwili. Nilipokuwa kwenye tangi nyuma ya jikoni, nimejimwagia maji kichwani, joto lilikuwa limekwisha. Akili zangu zote zilikuwa zimerudi. Wahome alinifuata na Ciru, na nyuma yao Nehemiah na wanawake wenu wawili. Wahome aliniuliza nina nini. Jibu lilikuwa kwenye ulimi, na lilikuwa fupi. Nikawaangalia wale wanaume. Nikaangalia majirani waliokuwa wanachungulia pale kwa ua, wengine ni wale wa sokoni. Nikaona nikisema, kesho nitaitwa baba mwenzetu. Basi nikasimama wima na maji yananitiririka, nikasema lile si blanketi la kumfunika mama wa msomi. Nililisema kwa sauti ili lisikike. Na Ciru aliponiuliza pale pale, mbele ya watu wenu, kama nawakataa, sikusema la.

Blanketi lilikuwa zuri. Lilikuwa zito na la joto, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake lote. Mimi nilichagua muamini nina kiburi, kwa sababu kiburi nimekizoea, na uzee sijauzoea. Niliwavunjia heshima watu walioniheshimu. Na nilimtumia Ciru, jina lake na masomo yake, kufunika mwili wangu, na nikaliacha liendelee hivyo siku baada ya siku nikisikia anakonda.

Ciru alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa chini, "Mama, ulikuwa tayari nimkose Hillary kuliko useme neno moja la mwili wako?"

Akaniambia msamaha wake utakuja kwa wakati wake, nisimharakishe, lakini kwanza nisimwambie yeye peke yake, niwaambie wale waliotukanwa. Na akasema neno malaria lisitajwe tena katika nyumba hii.

Nikatoka nikamtafuta Wahome. Alikuwa zizini na ndama. Nikamwambia nikiwa nimesimama mlangoni, kwa maneno ya Jelimo, kwa sababu maneno yangu mwenyewe yalikuwa yananishinda. Alimshika ndama shingo. Halafu akasema, "Na mimi nilidhani umenichoka." Tu. Baadaye nilipoingia chumba chetu nilikuta amefungua dirisha, na yeye amevaa koti na soksi, ameketi kitandani akisoma Biblia yake kama mtu anayengoja gari alfajiri. Sijawahi kumwona mwanamume amependeza hivyo.

Kwa hivyo nakuandikia, si kwa kujitetea. Naomba vitu viwili tu.

Cha kwanza, adhabu iwe yangu. Ciru hakuwakataa hata dakika moja. Alikuwa ananifuata kwenye tangi ili anirudishe kwenu. Kama wazee wenu wanataka nitoe mbuzi wa kusafisha ile aibu ya kichwa wazi, waseme, nitaleta. Kama mnataka nije nisimame mbele yenu huko Bungoma niyaseme haya kwa mdomo, nitakuja, ingawa kwetu mama wa msichana hatangulii kukanyaga kwa wakwe. Nitakanyaga. Lakini msimwambie Hillary atazame kwingine kwa sababu ya ulimi wangu.

Cha pili, usiifiche barua hii. Najua wewe ni mwanamke wa heshima na utataka kuwaambia kwa kifupi kwamba mama alikuwa mgonjwa. Nakuomba usifanye hivyo. Msomee Mzee Khaemba, na Mzee Nehemiah akiwepo asikie, maana mbele yake ndipo nilisema uongo. Wasomee hata pale pa siku za mwezi. Wakiona haya kusikia habari za mwili wa mwanamke, waone haya kidogo, hazitawaua. Haya zangu mimi karibu zimuue mtoto wangu moyo. Na leo baada ya ibada niliwasimamisha akina mama wa kanisa nikawaambia pia, nikamwomba radhi yule mama wa viazi mbele yao. Halafu mmoja akauliza kama Jelimo anafungua hata Jumamosi.

Jambo la mwisho si ombi, ni swali. Mimi na wewe tuko rika moja, Agneta. Siku utakuwa peke yako, na kama utakuwa bado unanitaka, niambie wewe unalalaje siku hizi.

Nisalimie mzee wako kwa heshima, na Hillary kwa mbali kama inavyotakiwa, na wanawake wenzako walionibebea blanketi wakiimba. Wahome anawasalimu. Kabiru kutoka Eldoret anawasalimu. Bilha ndiye atakayekuletea barua hii kesho akija na vitunguu vyake. Ciru amekataa kuibeba, kwa sababu hataki ionekane yeye ndiye anayeomba, na hapo ni msichana wangu kabisa.

Mungu akulinde mpaka tutakapoonana, kama utakubali tuonane.

Ni mimi,
Gladwell wa Wahome,
Mama Ciru.

Nimesahau kukuambia: Ciru ameisoma kabla sijaifunga. Alisoma mpaka mwisho, akarudia mahali pa tangi. Amekwenda chumbani kwake akaniletea bahasha.